Mgombea wa "serikali ndogo": angesimamia nini mbele ya mpigakura wa Kiboriloni?

Na Mwandishi Wetu, Moshi

KATA ya Kiboriloni katika Manispaa ya Moshi iko kando ya barabara iendayo Himo, chini ya vilima vya Old Moshi. Kwa miaka mingi jina lake limeambatana na soko: ndizi zinazoteremshwa kutoka mlimani, na mitumba iliyowavuta wanunuzi kutoka mbali. Mfanyabiashara wa eneo kama hili hukutana na mkono wa Serikali mara nyingi zaidi kuliko mtumishi wa ofisini. Kuna ushuru wa soko, leseni, mashine ya risiti, bwana afya na mgambo. Mgombea akisimama mbele yake na kusema anataka "serikali ndogo", hatakosa wa kumsikiliza.

Je, kauli hiyo ina maana gani hasa, na anayeitoa kwa dhati angelazimika kusimamia nini? Makala haya yanaeleza msimamo huo ili mwananchi aweze kuupima. Hayampigii debe mgombea yeyote wala chama chochote cha siasa.

Katika sayansi ya siasa, mhafidhina ni mtu anayeamini kuwa taasisi na desturi zilizodumu kwa vizazi zimebeba busara isiyofaa kufutwa kwa amri ya siku moja. Mhafidhina wa serikali ndogo huongeza sharti la pili, kwamba dola ibaki na kazi chache ambazo hakuna mwingine awezaye kuzifanya, kama vile ulinzi, mahakama, sarafu na barabara kuu. Yaliyobaki yaachiwe familia, taasisi za dini, ushirika, soko na mamlaka zilizo karibu na wananchi. Masharti hayo mawili si lazima yaende pamoja. Anayetaka polisi walinde mila ni mhafidhina, lakini serikali anayoitaka si ndogo hata kidogo. Kwa msimamo wa serikali ndogo, mila ambayo haiwezi kuishi bila kulindwa na askari imekwisha kufa.

Kwa Tanzania msimamo huu una ugumu wa kipekee. Ibara ya 3 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaitaja nchi yetu kuwa ya kidemokrasia na ya kijamaa, na tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 dola imechukuliwa kuwa mhimili wa maendeleo. Mhafidhina wa Kitanzania akiamua kuhifadhi yaliyozoeleka, huenda akajikuta anahifadhi Ujamaa.

Mfano wa karibu zaidi wa fikra hizi katika historia yetu ni mzaliwa wa mkoa huu, Mzee Edwin Mtei. Alikuwa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania kuanzia mwaka 1966, baadaye Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, kisha Waziri wa Fedha. Mwaka 1979 alijiuzulu uwaziri kufuatia kutofautiana na Mwalimu Julius Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, likiwamo suala la thamani ya shilingi. Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, alikuwa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Demokrasia na Maendeleo na mwenyekiti wake wa kwanza, akitetea uchumi wa soko na sekta binafsi. Hata hivyo, mtu aliyeasisi benki kuu hawezi kuitwa adui wa dola. Alichotaka, kwa tafsiri ya mwandishi, ni dola ijue mipaka ya uwezo wake wa kupanga bei.

Tuanze na kodi, kwa kuwa ndipo kila mgombea wa aina hii huanzia. Serikali imekwisha kufuta kodi na tozo kadhaa. Kodi ya maendeleo, ambayo wazee bado huiita kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003. Katika bajeti ya mwaka 2017/18 ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na ada ya mwaka ya leseni ya magari ikafutwa. Mwaka 2019, kupitia mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, ada na tozo 54 zilifutwa au kupunguzwa, na usimamizi wa vyakula ukahamishiwa Shirika la Viwango ili mfanyabiashara mmoja asikaguliwe na taasisi mbili kwa jambo lile lile.

Lakini kufuta tozo na kupunguza serikali ni mambo mawili tofauti. Ada ya leseni ya magari ilipofutwa, ushuru wa mafuta uliongezwa shilingi 40 kwa lita, hivyo malipo yalihama kutoka ofisini hadi kwenye pampu. Kodi ya maendeleo ilipofutwa, halmashauri zilipoteza chanzo cha mapato, na Serikali Kuu ikaanza kuzifidia kwa ruzuku. Mwananchi alipata nafuu ya kweli, kwa kuwa ile kodi ilikuwa na udhalilishaji wake. Halmashauri, kwa upande wake, ikazidi kutazama juu badala ya kuwatazama wakazi wake. Mgombea anayetaka serikali ndogo kwa dhati angepaswa kulijibu hili kabla ya kuahidi kufuta kingine.

Kwa wanaojiuliza mbunge mmoja anaweza kufanya nini, Ibara ya 99 ya Katiba ina jibu ambalo wengi hawalijui. Bunge haliwezi kushughulikia muswada wa kutoza kodi au kubadilisha kodi mpaka Rais apendekeze kupitia kwa Waziri, isipokuwa pale mabadiliko hayo yanapokuwa ya kupunguza kodi. Kwa maneno mengine, Katiba yenyewe imemwachia mbunge wa kawaida mlango wa kupunguza, na kuufunga ule wa kuongeza.

Kwenye kahawa, historia ya mlimani imekwisha kuupima msimamo huu. Wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU, ambacho bado kipo. Wengi hukumbuka ushirika huo kwa shule na vijana uliowasomesha. Wachache hukumbuka kuwa mwaka 1937 zilizuka ghasia mlimani, wakulima wakipinga kanuni iliyowalazimisha kuuza kahawa yao kupitia KNCU pekee. Ushirika waliutaka; walichokataa ni kulazimishwa. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vya ushirika na kuwapa mamlaka za mazao kazi yake, uamuzi uliokuja kubadilishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Katika miaka ya 1990 biashara ya kahawa ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na mwaka 2018 ikaelekezwa tena kwamba kahawa ikusanywe kupitia vyama vya msingi na kuuzwa mnadani. Sababu iliyotolewa ilikuwa kumlinda mkulima dhidi ya walanguzi wanaonunua kahawa ikiwa bado mtini, na ni sababu nzito kwa yeyote aliyeona mzazi akiuza mavuno ya Oktoba mwezi Machi ili kulipa ada. Mgombea wa serikali ndogo angesema chama cha msingi kimvutie mkulima kwa bei na uaminifu, na asiyeridhika aachwe aende kwingine. Pia angepaswa kumweleza mkulima huyo nani atamsaidia mwezi Machi.

Mfano wenye uzito kuliko yote katika mkoa huu, hata hivyo, ni mfongo.

Mifongo ni mifereji ya asili inayochepusha maji kutoka mitoni hadi kwenye vihamba vya migomba na kahawa. Ilikuwapo kabla ya utawala wa Kijerumani, na wageni wa karne ya 19 waliistaajabia na kuiandika. Haikuchorwa na mhandisi wa Serikali wala kugharamiwa na bajeti. Ukoo ulioanzisha mfereji ulikuwa na heshima yake, kamati ikapanga zamu, na siku ya kusafisha kila kaya ilitoa mtu. Asiyefika alitozwa faini, na asiyelipa alikosa zamu ya maji. Sheria haikuandikwa popote, ila kila mtu aliijua, na mwamuzi aliishi umbali wa kusikia kelele za mgogoro. Anayetafuta serikali ndogo katika vitendo hahitaji kusafiri hadi Ulaya. Apande Old Moshi.

Hata hivyo, mfongo huo huo unaonyesha mpaka wa hoja yake. Kamati inaweza kuutawala mfereji, lakini haiwezi kuutawala mto. Maji yanayochepushwa juu ni yale yale yanayosubiriwa tambarare na mashamba ya miwa ya TPC, wakulima wa mpunga wa Lower Moshi, bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme iliyo chini yake katika mto Pangani. Mkulima wa mpunga hana kiti katika kamati ya mfongo wa mlimani. Ndiyo maana ipo Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoanzishwa mwaka 1991 na yenye ofisi zake hapa Moshi, na ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inadai vibali vya kutumia maji na kutambua jumuiya za watumiaji maji. Wapo wazee mlimani ambao hadi leo hawaoni kwa nini waombe kibali cha maji yaliyochepushwa na babu zao. Malalamiko yao si ya kubezwa. Lakini pasipo mwamuzi aliye juu ya kamati zote, aliye juu ya mto ndiye mwenye sheria.

Mgombea makini angetoka hapa na kanuni inayoeleweka: kila jambo liamuliwe na ngazi ya chini kabisa inayoweza kulibeba, na lipande juu pale tu linapomgusa mtu asiyekuwa na sauti katika ngazi hiyo. Kanuni hiyo haiko mbali na Katiba, kwani Ibara ya 146 inaeleza kuwa madhumuni ya kuwapo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Nchi imekwisha kuishi bila serikali hizo. Zilifutwa mwaka 1972, na kurejeshwa kwake kulihitaji sheria mpya za mwaka 1982.

Mtihani mgumu zaidi ni wa matumizi. Mwaka 1887 Rais Grover Cleveland wa Marekani alikataa kuidhinisha muswada wa dola 10,000 za kununua mbegu kwa wakulima wa Texas waliokumbwa na ukame, akishikilia kuwa hiyo haikuwa kazi ya serikali na kwamba wananchi wangesaidiana. Huo ndio msimamo usio na nusu. Anayeudai hapa angelazimika kusema anafanya nini na ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23, na elimu ya msingi na sekondari isiyo na ada tangu Januari 2016, na pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo sheria inazitaka halmashauri kuwatengea wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Akisema ataviacha vyote na bado apunguze kodi, mpigakura ana haki ya kumwomba hesabu.

Angeweza kujibu kwamba Kilimanjaro ilijenga shule nyingi kwa nguvu za wazazi na makanisa, na kwamba hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni ya shirika la makanisa. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba hospitali hiyo huhudumia umma kwa ubia na Serikali, ambayo huchangia watumishi. Aidha, si kila mkoa ulikuwa na kahawa ya kugharamia shule zake wakati ule. Mkoa uliojaliwa hupendezwa na serikali ndogo kwa urahisi zaidi kuliko mkoa ambao haukujaliwa, na mgombea wa kitaifa hana budi kuzungumza na yote miwili.

Linabaki suala la mitumba, ambalo kwa Kiboriloni si nadharia. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ili kulinda viwanda vya nguo, na ushuru wake ukapandishwa kutoka senti 20 hadi senti 40 za dola kwa kilo. Marekani ilitishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya kuingiza bidhaa katika soko lake chini ya mpango wa AGOA. Kenya ilijitoa mapema, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo, na Rwanda iliyoshikilia ikasitishiwa nafuu ya mavazi mwaka 2018. Mgombea wa serikali ndogo angesema marobota yaingie, na mama mwenye meza yake ya nguo angempigia makofi. Kisha angegeuka na kumkuta fundi cherehani akiwa na swali lake mkononi.