Kikohozi Kisichokoma: Kimeo Hakina Hatia

Baada ya Swala ya Alasiri alitujia mzazi mmoja na mwanawe wa miaka miwili, aliyekuwa akikohoa kwa wiki ya tatu. Alitaka aombewe dua, kisha ampeleke kwa mkata kimeo. Dua tuliomba; kwa mkata kimeo tulimsihi asiende. Kimeo si chanzo cha kikohozi. Kukikata huweza kumletea mtoto kutokwa damu nyingi, hata pepopunda, ilhali maradhi yenyewe yamebaki kifuani.

Kikohozi kilichozidi wiki mbili kinahitaji vipimo, kwani huenda ni pumu, kifaduro au kifua kikuu. Hiki cha mwisho mtoto aghalabu huambukizwa na mtu mzima wa nyumba ile ile. Basi babu akohoaye naye apimwe, wala asione haya. Asali, ambayo Sura An-Nahl imeitaja kuwa na shifaa, hutuliza koo, ila asilambishwe mtoto asiyetimiza mwaka. Na mtoto wa umri wa huyu akihema mara 40 au zaidi kwa dakika hali ametulia, au kifua kikibonyea chini ya mbavu avutapo pumzi, asingojewe kupambazuke.

Tuliongozana na mzazi yule hadi zahanati. Magharibi tuliiswali huko huko.