Mavazi Yaliyosalia Katika Picha za Joy Adamson

Jina la Joy Adamson likitajwa darasani, aghalabu wanafunzi humkumbuka simba jike Elsa na kile kitabu mashuhuri kilichotolewa mwaka 1960. Lakini kazi yake ambayo ingewafaa zaidi walimu wa historia na wa sanaa haina simba hata mmoja. Ni picha za sura za watu, zaidi ya 500, alizozichora kwa rangi za maji kati ya mwaka 1949 na 1955. Nyingi miongoni mwazo zimehifadhiwa na Makumbusho ya Kitaifa jijini Nairobi.

Mchoraji huyu alizaliwa mwaka 1910 huko Troppau, mji uliokuwa chini ya dola ya Austria na ambao leo huitwa Opava, katika Jamhuri ya Cheki. Aliwasili Kenya mwaka 1937, akaanza kwa kuchora maua na mimea, kazi iliyomletea nishani ya dhahabu kutoka Uingereza mwaka 1947. Baadaye serikali ya kikoloni ikampa jukumu la kuchora watu wa makabila mbalimbali wakiwa katika mavazi yao ya jadi, kwa sababu mavazi hayo yalikuwa yakitoweka kwa kasi. Baadhi ya picha hizo alizikusanya katika kitabu kiitwacho The Peoples of Kenya, kilichochapishwa mwaka 1967.

Nathubutu kusema kwamba jicho lililozoea kuchunguza ua ndilo lililochora picha hizi. Masango yaliyozungushwa mkononi, ndewe iliyopanuliwa sikioni, manyoya ya mbega, safu za shanga, vyote vimechorwa kwa uangalifu wa mtu anayehesabu petali. Nyuso zenyewe wakati mwingine zina ubaridi fulani, kana kwamba mchoraji alikuwa na haraka ya kushuka shingoni. Kama picha za sura hilo ni pungufu, ila mwanafunzi wa historia ya mavazi hana budi kulishukuru.

Ninalohofia ni namna tunavyozitumia. Mwalimu huwapeleka wanafunzi makumbusho, huwaambia kwamba hivi ndivyo walivyovaa babu zetu, kisha basi la shule huondoka. Tamasha la muziki likikaribia, gunia hupakwa madoadoa likawa ngozi ya chui, na kwaya nzima ikavikwa vazi moja, wazee kwa wari, mabibi harusi kwa waganga. Picha zenyewe zinatukana jambo hilo. Humo vazi husema rika la mtu, kama ameoa au ameolewa, ametahiriwa au bado, na ana cheo gani.

Tena, si kweli kwamba watu walivaa hivyo kila siku mwaka 1950. Laiti ingekuwa hivyo, serikali isingekuwa na sababu ya kumtuma mtu ayachore kabla hayajapotea. Sehemu nyingi za nchi watu walikwisha kuzoea mashuka, mablanketi, kaptura na magauni ya misheni; mavazi mengi yaliyochorwa yalikuwa ya siku maalumu. Kile kipande kilichoning'inia shingoni mwa wanaume Waafrika tangu miaka ya 1920, ndani ya kikebe chake cha chuma, kilikuwa pia sehemu ya mavazi ya enzi ya ukoloni, walakini hicho sicho alichotumwa kukichora. Na Oktoba 1952, kazi ikiwa bado inaendelea, hali ya hatari ilitangazwa. Serikali iliyolipia picha za mapambo ya Wakikuyu, Waembu na Wameru ndiyo iliyokuwa ikiwaweka maelfu yao kizuizini. Mwalimu anayesimama mbele ya picha hizo bila kulitaja hilo anafundisha nusu ya somo.

Mavazi hayo nayo yalikuwa na mitindo yake iliyobadilika. Shanga za kioo hazikutengenezwa hapa. Zilitoka Venice na Bohemia, zikapitia Zanzibar na Mombasa, zikabebwa na misafara hadi bara. Wafanyabiashara walijifunza kwa hasara kwamba rangi iliyopendwa mahali fulani mwaka mmoja huenda ikakataliwa mwaka uliofuata. Joseph Thomson alipojiandaa kuingia Umasaini mwaka 1883, ilibidi wapagazi wake wakae Taveta kutunga shanga upya kwa kipimo walichokitaka Wamasai wenyewe. Anayeagiza ndiye mwenye mtindo! Vivyo hivyo hando ya mwanamke wa Kigiriama ilishonwa kwa kitambaa cha pamba kilicholetwa na meli, na merikani iliitwa hivyo kwa kuwa ilitoka Marekani, kwenye viwanda vya Massachusetts. Wanawake wetu walichukua nguo ya kigeni, wakaikunja na kuizidisha marinda hadi ikawa yao. Kwa bahati, Bohemia ya shanga na mji alikozaliwa Adamson sasa vimo katika nchi moja.

Kwa hiyo ningependekeza zoezi jepesi. Kila mwanafunzi achague picha moja, aorodheshe kila kitu kilichomo mwilini mwa mtu huyo, kisha aulize: hiki kilitoka wapi, nani alikitengeneza, na ni nani aliyekatazwa kukivaa? Majibu mengine yamo vitabuni. Mengine yamo kwa wazee, na hao hawangoji mtaala. Kijana aliyekuwa na miaka 15 wakati Adamson alipokuwa akizunguka na brashi zake mwaka 1950 amekwisha kupita miaka 85. Likizo ijayo, mwanafunzi mwenye nyanya au babu wa umri huo aende na daftari, na kama anaweza kupata nakala ya picha ya kwao, aende nayo pia.