Lafudhi na Lahaja: Mhusika Anaposema "Gitabu"

Mwandishi akimfanya mhusika aseme "gitabu" badala ya "kitabu", au "karamu" akikusudia kalamu, usikimbilie kuandika kwamba mhusika huyo hajasoma.

Kwanza tenganisha istilahi mbili. Mtu wa Maua na mtu wa Nkubu wote huzungumza Kimeru, ila mmoja ana Kiigembe na mwingine Kiimenti. Hizo ni lahaja za Kimeru, kama vile Kiamu, Kimvita na Kiunguja (kilichoteuliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu) zilivyo lahaja za Kiswahili. Watu hao, pamoja na jirani yao wa Runyenjes kule Embu, wanapozungumza Kiswahili, matamshi ya lugha ya mama huwafuata. Hiyo ni lafudhi. Ukijibu kwamba mhusika "anatumia lahaja ya Kimeru" ilhali maneno yake yote ni ya Kiswahili, umekosea.

Sasa turudi kwa "gitabu". Katika lugha za Meru na Embu, sauti k hugeuka g iwapo silabi inayofuata inaanza kwa sauti kama t, k au ch. Ndiyo maana wenyeji husema Kiembu lakini Gichuka, Kiimenti lakini Gitigania. Anayesema "gitabu" na "gikombe" atatamka "kijana" bila taabu yoyote. Hapo hapana ujinga. Pana kanuni, na mzungumzaji anaifuata bila kujua.

Sauti l na r zina matata zaidi, kwani lugha hizi hazizitofautishi kama Kiswahili. Maana hupotea: kalamu na karamu, kula na kura, mahali na mahari. Mhusika anayeomba "mahari" pa kulala ataichekesha hadhira, na mwandishi wa tamthilia analijua hilo. Wewe jiulize kicheko hicho kina kazi gani. Huenda kinatambulisha asili ya mhusika. Huenda ni burudani tu. Au huenda wanaomcheka ndio wanaoanikwa, ukabila na majivuno yao yakaonekana wazi. Jibu hili la tatu husahaulika, nalo mara nyingi ndilo linalogusa maudhui.

Usichanganye lafudhi na msamiati wa kieneo. Mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja ni githeri huku kwetu, pure Pwani na makande Tanzania. Majani yanayochumwa Igembe ni miraa, na kwingineko mirungi. Hapo neno zima limebadilika.

Katika insha yako mwenyewe, mtahini hasikii sauti yako, anaona herufi. "Karamu ya wino" ni kosa la tahajia, na utaadhibiwa. Ila unapodondoa maneno ya mhusika, yaache jinsi mwandishi alivyoyaandika na uyatie katika alama za mtajo. Ukimsahihishia "gitabu" chake, umeufuta ushahidi wa hoja yako.