Futi 10 si Mita 3

Simama mbele ya duka la vifaa vya ujenzi Kawangware, Nairobi, usikilize fundi akiagiza. Mbao za 2 kwa 2, futi 14. Misumari ya inchi 3, kilo 2. Paipu ya nusu inchi. Mabati ya mita 3, geji 30. Simiti mfuko mmoja, kilo 50. Katika agizo hilo moja mna mifumo miwili ya vipimo: ule tulioachiwa na Waingereza, wa inchi, futi na ratili, na ule wa mita, kilo na lita. Hata msumari una mabwana wawili: urefu wake huhesabiwa kwa inchi, lakini dukani hupimwa kwa kilo.

Baada ya uhuru wa 1963, Kenya ilianza kuhamia mfumo wa mita. Barabara zikapata kilomita, petroli ikauzwa kwa lita, shule zikafundisha sentimita. Leo mizani ya biashara hukaguliwa na kupigwa muhuri chini ya Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, na hati miliki huandika hekta.

Jambo la ajabu ni kwamba mita ilitangulia uhuru kwa miaka mingi. Reli ya zamani inayopita katikati ya mtaa wa Kibera ina upana wa mita 1 kamili kati ya chuma na chuma, kama ulivyokuwa ilipofika Nairobi mwaka 1899. Waingereza waliochora kila kitu kwa futi walileta kipimo hicho kutoka India, walikokuwa wamejenga reli za mita. Lakini ardhi ya Kibera waliipima kwa eka: mwaka 1918 ilitengwa kuwa eneo la jeshi lenye eka 4,197, walikoishi askari Wanubi na jamaa zao. Na Wanubi walipokabidhiwa hati miliki ya ardhi yao ya Kibera mwaka 2017, watu walisema eka 288. Ni wachache waliosema hekta 116 na nusu.

Sheria hubadilisha karatasi upesi, lakini vitu hukawia. Paipu mpya lazima iingie kwenye ile ya zamani, na ploti iliyokatwa kwa futi haikui wala haipungui. Mara nyingine kipimo cha zamani hujificha ndani ya kipya. Gunia la mahindi la kilo 90 ni lile gunia la kikoloni la ratili 200, lenye kilo 90.7, lililopunguzwa kidogo ili hesabu iwe rahisi.

Hasara huingia pale mifumo hii miwili inapokutana. Futi 1 ni sentimita 30.48, kwa hiyo futi 10 ni mita 3.048. Anayejenga chumba cha 10 kwa 10 akanunua bati la mita 3 akidhani ni futi 10, amepungukiwa karibu sentimita 5 kabla hajatoa hata ukingo wa kumwaga maji nje ya ukuta. Mvua ya Aprili itamwonyesha kosa lake.

Kwenye ardhi pengo ni kubwa zaidi. Ploti ya 50 kwa 100 huuzwa kwa jina la thumuni ya eka. Zidisha: ni futi za mraba 5,000. Thumuni halisi ni 5,445. Kilichopungua ni zaidi ya vyumba vinne vya 10 kwa 10. Mara nyingi kipande hicho huenda kwenye barabara za ndani, na si wizi. Lakini mnunuzi anastahili kujua kabla ya kulipa. Kwenye hati, ploti hiyo ni takriban hekta 0.046, ilhali thumuni kamili ni 0.0506.

Kwa hiyo, msomaji, tembea na tepu. Ina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Ukiambiwa futi, geuza uone mita. Ukiuziwa unga kwa mkebe wa gorogoro, omba upimiwe kwenye mizani yenye muhuri, maana mkebe uliobonyezwa chini hauonekani ukishajaa. Na ukinunua ardhi, soma hekta zilizo kwenye hati kabla ya kutoa pesa, kwa kuwa zilizoandikwa hapo ndizo utakazomiliki.