Jengo la kijani hupata cheti namna gani?

Siku hizi mtu akitaka kusifu jengo anasema ni la kijani. Si rangi ya ukuta. Maana yake limepimwa na mtu mwingine, si aliyelijenga, likapewa cheti.

Tuchukue EDGE, cheti cha IFC, shirika la Benki ya Dunia. Kinalinganisha jengo na majengo ya kawaida ya mahali hapo: lazima lipunguze asilimia 20 ya nishati, 20 ya maji, na 20 ya kaboni inayotoka wakati wa kutengeneza vifaa. Mkaguzi huangalia mchoro kwanza. Ujenzi ukiisha, huangalia tena kama fundi alifuata. LEED ya Marekani inafanana na matokeo ya shule: pointi 40 umepita, 80 umepata platini, na upungufu wa huku unaweza kuujazia kule. Kwa EDGE hapana, ukianguka somo moja hupati cheti. Mimi napenda ukali huo.

Cheti kinalipiwa, hatutakiomba kwa darasa la Masisi wala la Walikale. Lakini hesabu ya vifaa inatuhusu: tanuru la matofali linakula kuni zilezile ambazo mama anatafuta kwa kupikia. Kamati ya wazazi ikileta mchoro wa darasa jipya, tuulize: kuni za kuchoma zitatoka wapi, na kuta zipi zinaweza kujengwa kwa matofali yasiyochomwa, juu ya msingi wa mawe?