Kamera ya Kwenda Nayo Ughaibuni

Kamera ya safari ndefu huchaguliwa kwa vipimo tofauti na kamera ya studio au ya harusi. Anayeondoka Mombasa au Dar es Salaam kwenda kusoma Uingereza mwaka mzima, au kuzunguka Ulaya kwa miezi kadhaa, ataibeba begani siku hadi siku, ataichaji kwenye soketi za watu, na atapiga nayo picha katika baridi na giza asilolizoea. Uzito, uwezo wa kuona penye mwanga hafifu, betri na mahali pa kuhifadhia picha ndiyo mambo ya kutazamwa kwanza. Idadi ya megapikseli huja baadaye, hata kama ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi.

Megapikseli moja ni nukta milioni moja. Kamera ya kwanza ya dijitali, iliyoundwa na mhandisi Steven Sasson katika kampuni ya Kodak mwaka 1975, ilikuwa na nukta 10,000 tu na uzito wa karibu kilo 3.6, na ilihitaji sekunde 23 kurekodi picha moja kwenye kaseti. Siku hizi megapikseli 12 zinatosha kusafisha picha safi yenye upana wa sentimita 34, na megapikseli 24 hufikia sentimita 50. Zaidi ya hapo, msafiri wa kawaida ananunua mafaili mazito yatakayomjazia kadi.

Fedha iende kwenye sensa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Sensa kamili ina milimita 36 kwa 24. Ya daraja la APS-C ina takriban 23.5 kwa 15.6, na ile iitwayo ya inchi moja ina 13.2 kwa 8.8. Sensa za simu nyingi ni ndogo kuliko zote hizo. Kadiri eneo linavyokuwa kubwa ndivyo mwanga mwingi unavyokusanywa, na picha za usiku huwa na chengachenga chache. Jambo hili lina uzito kwa anayetoka Afrika Mashariki. Dar es Salaam jua huzama baada ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, lakini London mwezi Desemba huzama kabla ya saa kumi alasiri, na Stockholm hata saa tisa haijafika. Nusu ya maisha ya majira hayo hupita chini ya taa.

Lenzi nayo ina sehemu yake. Namba inayofuata herufi f hupima tundu la kupitisha mwanga, na namba ndogo maana yake ni tundu kubwa. Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi ya ile iliyofunguka f/5.6. Lenzi ya kuvuta inayokuja na kamera mara nyingi hufika f/5.6 inapovutwa mwisho. Ndiyo maana inafaa kuongezewa lenzi ndogo isiyovuta, ya milimita 35 na f/1.8 kwa mfano, kwa ajili ya vyumbani na mitaani usiku.

Kuhusu aina, kamera zenye kioo cha kuakisi ndani, zijulikanazo kama DSLR, zina betri zinazodumu na hupatikana kwa bei nafuu zikiwa mtumba, ila pamoja na lenzi mbili huweza kupita kilo moja na nusu. Tangu Panasonic ilipotoa G1 mwaka 2008, kamera za kubadilisha lenzi zisizo na kioo hicho zimekuwa nyingi na nyepesi. Kwa safari ya miezi, isiyo na kioo yenye sensa ya APS-C ndiyo chaguo bora. Asiyetaka kubadilisha lenzi achukue kamera ndogo ya mfukoni yenye sensa ya inchi moja. Na anayepiga mchana tu, picha za kuwatumia jamaa nyumbani, simu nzuri inamtosha. Hana haja ya kuingia gharama.

Betri za kamera zisizo na kioo kwa kawaida hutoa picha mia tatu hadi mia nne, na baridi kali huzipunguza zaidi. Ya akiba iwekwe kwenye mfuko wa ndani wa koti ipate joto la mwili. Ndani ya ndege, betri za akiba za lithiamu hukaa kwenye begi la mkononi, ni marufuku kwenye mizigo inayokabidhiwa kaunta. Chaja iwe imeandikwa 100–240V, kwa kuwa umeme wa Japani ni volti 100 na wa Marekani 120. Plagi ya Kenya, Uganda na Tanzania huingia moja kwa moja Uingereza na Oman, ila Ujerumani na Ufaransa huhitaji adapta.

Kamera ikitoka kwenye baridi na kuingia chumba chenye joto, mvuke hugeuka matone juu yake na ndani yake. Ifungwe kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuingia, ifunguliwe ikishapata joto.

Kadi ya GB 64 hubeba takriban picha 6,000 za JPEG za megapikseli 24. Kadi mbili za kiasi ni salama kuliko moja kubwa, na kila picha iwe na nakala kwenye diski ya nje isiyokaa begi moja na kamera.

Risiti itunzwe na namba ya kamera iandikwe kando, kwani forodha wanaweza kuiulizia wakati wa kurudi. Dhamana isomwe kabla ya kulipa, maana nyingine hutambulika tu katika nchi au kanda ilikonunuliwa. Na kamera inunuliwe wiki kadhaa kabla ya safari, itumike mchana na usiku, ili kasoro yoyote ionekane duka likiwa bado karibu.