Krismasi Ughaibuni: Anzia Duka la Mhindi

Ikiwa wewe ni mwanafunzi unayejiandaa kwenda Uingereza, au una mwana aliye huko, jua mapema kwamba siku ngumu kupita zote ni Krismasi.

Kwetu siku hiyo milango huwa wazi. Chapati hupikwa tangu mkesha, na asiyealikwa hula kama aliyealikwa. Uingereza kila mtu hujifungia na jamaa zake. Treni hazitembei, hata zile za chini ya ardhi jijini London, na sheria ya mwaka wa 2004 inayakataza maduka makubwa ya England na Wales kufunguliwa. Wenzako bwenini wamekwenda kwao. Kabla ya saa kumi jioni London jua limekwisha tua. Kama hukujitayarisha, utashinda na mkate mkavu ukihesabu mabati ya nyumbani.

Basi wiki moja kabla, nenda kwenye maduka ya Wahindi. Wengi walihama Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka wa 1972 Idi Amin akawafukuza wale wa Uganda. Maelfu walitua Leicester, wengine London, mitaa kama Wembley na Harrow. Hawa walikulia kwetu, na tumbo halikuhama. Muhogo mpaka leo wanauita "mogo", na hoteli zao huukaanga na kuutia pilipili. Ndengu, iliki, bamia, nazi na mchele wa pilau utavipata hapo. Ukibahatika, mzee aliye nyuma ya kaunta atakuuliza kwa Kiswahili umetoka wapi. Huyo usimwache upesi. Maongezi yake nayo yana shibe.

Unga ndio wenye mitego. Wa mahindi mara nyingi ni wa manjano, na ule wa Kiitaliano uitwao polenta una chenga. Tafuta mweupe, laini, katika maduka ya Waafrika na watu wa Karibea. Wa ngano nao, epuka ule unaoumuka wenyewe, la sivyo chapati zitafura kama mandazi. Na ukizikaanga, fungua dirisha! King'ora cha moshi hakijui Krismasi, na kikilia bweni zima hutolewa nje kwenye baridi.

Majani chai usijisumbue kubeba kwa wingi, kwani ya Kenya yamo katika pakiti nyingi za Waingereza. Tofauti ni mapishi. Wao hutumbukiza kifuko kikombeni na kumwagia maziwa baridi. Wewe tia vyote sufuriani na tangawizi, uchemshe mpaka ipande. Nyama na mursik, hata mama akikusihi vipi, usifungashe; forodha ya huko hairuhusu.

Kisha usipike chapati mbili za kula peke yako. Pika ishirini, ubishe milango. Hakosi Mnigeria au Mchina aliyeshindwa na nauli ya Desemba kama wewe.

Nawe mzazi, saa sita mchana Nairobi ni saa tatu asubuhi kwao. Piga simu wakati huo, kabla hajaanza kuwaza. Mweleze nani amefika na nani anachuna mbuzi, kisha simu ipite mkono kwa mkono hadi kwa nyanya. Habari za mitihani mwulize Januari.